Sifuri Kwenye Sanduku la Mto

Jumatatu, 2 Machi

Sifuri tena. Nimefika ofisini, nimewasha kompyuta, nikafungua kazi ya wiki iliyopita ili nijenge imeji mpya ya masanduku ya mto. Mstari ule ule umebadilishwa. Nafasi ya akiba: sifuri. Ijumaa niliandika tano kabla ya kwenda kuswali. Mtu kakaa mwisho wa wiki, akaona kitu pekee cha kurekebisha kwenye kampuni nzima ni tano yangu.

Najua ni nani. Bwana Mgaya, bosi wetu. Hapa hakuna mwingine mwenye kiherehere cha namna hiyo.

Ngoja nijieleze taratibu, maana nimefunga na sitaki kutukana. Kila sanduku lina kompyuta ndogo, kipimo cha maji, king'ora na kadi ya kumbukumbu, ambayo ndiyo diski yake. Maji yakipanda huko juu, king'ora kinalia, watu walioko kivukoni hawaingii mtoni. Ndiyo kazi yake. Basi. Unapojenga imeji, yaani mfumo mzima utakaomiminwa kwenye ile kadi, unaamua sehemu gani ya diski ibaki akiba. Ukiandika tano, asilimia tano inafungwa. Programu za kawaida haziigusi, ni mfumo wenyewe tu. Diski ikijaa, mfumo bado una pa kuandikia. Ukiandika sifuri, kila programu inajichotea mpaka pakavu, na siku hiyo hata king'ora hakina pa kuandika kipimo chake.

Mwaka huu wafadhili wametaka kamera. Picha za mto, kutwa nzima. Picha ikishatumwa kwa mtandao inafutwa, isipotumwa inabaki kwenye diski. Na mtandao wa milimani kila mtu anaujua. Mgaya anasema asilimia tano inakaa bure, bora wapewe picha.

Sanduku mojawapo liko kijijini kwetu, juu ya Kinole. Mama yangu anauvuka ule mto karibu kila siku kwenda shamba la ng'ambo, yeye na mdogo wake, mama mdogo Mwanahawa. Kwa hiyo wenzangu wakisema asilimia, mimi namwona mama na kikapu kichwani.

Nimerudisha tano. Nimejenga imeji upya. Nimekaa naitazama ikimalizika.


Jumanne, 3 Machi

Kikao. Nilijiambia nitaongea kwa upole. Nimeongea kwa upole. Haikusaidia kitu.

Mgaya kasimama mbele ya wageni wawili wa wafadhili, kaeleza kwamba ile asilimia tano ni mazoea ya zamani, watu wanaiacha bila kufikiri. Kinachoniudhi ni kwamba kwa nusu yuko sahihi. Diski kubwa ya kuhifadhia mafaili tu, weka sifuri, hakuna atakayelia. Lakini kwenye sanduku letu mfumo na picha vinalala kitanda kimoja. Nimesema hivyo hivyo. Nikasema pia kamera tayari nimeipa mtumiaji wake wa kawaida, yaani akaunti isiyo na ruhusa ya kugusa akiba, kwa hiyo ikijaza itajaza sehemu yake na kukoma. King'ora, ambacho ni sehemu ya mfumo, kitaendelea. Wageni wakaandika andika. Mgaya akatabasamu. Lile tabasamu la kumpa mtoto pipi.

Halafu akasema nina hisia kwa sababu kule ni kwetu.

Hisia! Nimesoma miaka yote ile, nimekula vumbi la Mazimbu kwa miguu nikienda chuoni na kurudi, ili mtu mwenye tai aniambie nina hisia. Nilimwambia hata kama mama yangu angekuwa anaishi Turiani, ambako hakuna sanduku letu hata moja, hesabu ingekuwa ile ile. Akanijibu mbele ya watu: "Sanduku ni la wote, siyo la mama yako."

Nikafunga daftari langu. Niliogopa ningefungua saumu pale pale kwa matusi.

Imeamuliwa: imeji moja kwa masanduku yote, sifuri. Festo ataandaa. Festo ni fundi mwenzangu, kijana wa Iringa, mpole, mchapakazi. Ubaya wake mmoja: akiambiwa ruka anaruka. Alikuwa anatazama meza muda wote.


Alhamisi, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Milima haionekani kabisa, ukitazama kutoka ofisini, njia ya Mzinga, ni ukuta mweupe tu.

Nimefanya jaribio mezani. Nimechukua sanduku la ziada, nikamimina imeji yao ya sifuri, nikajaza diski kwa picha mpaka ikagoma. Kisha nikatumbukiza kipimo kwenye ndoo ya maji ya kudekia.

Kimya.

Programu ya king'ora inataka kuandika kipimo kwanza, ndipo ilinganishe na kile cha hatari. Haina pa kuandika, inakufa. Mfumo unaiwasha tena. Inakufa tena. Ndoo imejaa hadi pomoni, sanduku limekaa pale linapepesa taa yake ya kijani kama mambo shwari. Ile taa nilitaka kuing'oa kwa meno.

Nikamwita Mgaya. Alikuja na kikombe cha kahawa, Ramadhani yote hii, si dini yake lakini angalau angekiacha ofisini kwake. Akatazama. Akasema nimeijaza makusudi. Nikamwambia ndiyo, nimeijaza makusudi, na mlima utaijaza bila makusudi. Akasema tutaliangalia awamu ijayo.

Awamu ijayo. Mto hauna awamu.

Nimesonya mbele ya bosi. Festo alisikia, Mgaya pia. Poa tu.


Jumamosi, 7 Machi

Nimepanda kwetu. Pikipiki mpaka barabara ilipokubali, kisha miguu, laptopu mgongoni nimeifunga ndani ya mifuko ya nailoni na juu yake kanga ya mama niliyoazima siku nyingi. Nilipofika nilikuwa tope mpaka kwenye nyusi.

Mama na mama mdogo walikuwa wanamenya magimbi ya kufuturu. Nikawaamkia. Mama mdogo Mwanahawa akaitikia marahaba ndefu, kwa ile sauti ya kwetu inayopanda na kushuka, halafu akaniuliza kama mjini siku hizi tope ndiyo mafuta ya kujipaka. Ana maneno yule mama. Mwembamba, miguu myepesi, anapanda na kuteremka mlima akiwa na mzigo wa tangawizi kichwani na anaongea njia nzima bila kuhema. Mimi bila mzigo nahema.

Nikaenda mtoni nao. Nikaona jambo ambalo limenichefua kuliko yote ya Mgaya.

Zamani, masika yakianza, wanawake hawavuki kienyeji. Mmoja anabaki juu kwenye jiwe, pale mto unapopinda, anatazama maji. Wanapeana zamu. Akiona maji yamebadilika rangi au yanaleta majani mengi anapiga kelele, nao wanatoka. Nimekua nikiliona hilo. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye lile jiwe, nimepigwa na baridi, nimelia. Leo jiweni hakuna mtu. Kuna sanduku letu tu, limefungwa kwa nondo, na taa yake ya kijani.

Nikauliza zamu iko wapi. Mama akasema zamu ya nini tena, si mlituletea king'ora. Nikauliza nani kawaambia waache. Hakuna aliyewaambia. Ni wao tu. Mtu akikaa jiweni anapoteza siku ya shamba, na king'ora hakilali wala hakisinzii. Kikinyamaza wanavuka.

Nimewagombeza. Nimemgombeza mama yangu mzazi, nimefunga, Mungu anisamehe. Nikasema kile ni chuma, kinaweza kufa. Mama mdogo akaniuliza, sasa mtoto wetu umekitengeneza wewe au hukukitengeneza? Wakacheka wote. Walikuwa wananisifia. Nilitamani kupiga ukelele.

Mjomba Kibwana, kaka yao mkubwa, ndiye aliyetoa mahali pa kuweka sanduku. Nikamwomba ufunguo. Nikafungua, nikachomeka laptopu chini ya mwavuli, nikabadilisha pale pale: sifuri iliyokuja na imeji ya kwanza ya kamera ikawa tano. Si lazima kujenga imeji upya kwa hilo, inawezekana kwenye sanduku lililo hai. Amri moja. Nikahakikisha kamera ina mtumiaji wake wa kawaida. Nikamwaga maji kwenye kipimo, king'ora kikapiga, mbwa wa ng'ambo wakajibu.

Sijaomba ruhusa. Siombi. Sanduku hili moja, kwa mkono wangu, ni salama. Leo nimeridhika na nafsi yangu.


Jumapili, 8 Machi

Nimerudi mjini. Mama kanifungia ndizi na iliki. Miguu inauma. Hasira imepungua kidogo, nimefuturu vizuri, uji wa pilipili manga.


Jumatano, 11 Machi

Mvua. Kazi za kawaida. Festo hayupo, nimeambiwa yuko shamba la masanduku, yaani huko yalikofungwa; huo ndio msemo wa Mgaya akiwa na raha. Sikuuliza zaidi. Kichwa kilikuwa kinanigonga.


Alhamisi, 12 Machi

Nimeshikwa na hasira. Naandika vibaya. Nikishindwa kusoma haya baadaye, basi.

Festo amerudi. Jumanne na jana alizunguka masanduku yote ya milimani. Kazi yake: kumimina imeji rasmi, ili yote yawe sawasawa. Yote. Nikamuuliza na la kwetu? Akasema na la kwenu. Jumanne.

Nikamuuliza kama aliona tano. Aliona. Mfumo ulimwonyesha kabla hajafuta. Alipiga simu kwa Mgaya, Mgaya akamwambia futa, eti huyo, yaani mimi, hana idhini ya kufanya sanduku moja liwe tofauti na mengine. Akafuta. Akamimina sifuri juu ya tano yangu. Tena imeji hii mpya inapiga picha kubwa zaidi, maana wafadhili walisema za mwanzo hazipendezi.

Hakuna aliyeniambia. Jumanne, Jumatano, leo mpaka mchana. Nimekaa mlango wa pili kutoka ofisi ya Mgaya, nimemsalimia kila asubuhi.

Nimeingia ofisini kwake bila kugonga. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilisema roho mbaya. Akaniambia nikae, sikukaa. Akaniambia Jumatatu Festo ataangalia kama inawezekana kubadilisha kwa mtandao. Kwa mtandao! Sanduku linashindwa kutuma picha kwa sababu hakuna mtandao, yeye atalirekebisha kwa mtandao. Nikaomba gari leo. Gari liko na wageni. Nikaomba ruhusa ya kesho. Kesho kuna mafunzo.

Simu ya mama imezimwa. Wanachajia kwa jua, na jua lenyewe liko wapi. Mjomba Kibwana, hivyo hivyo. Nimepiga mpaka simu yangu imekuwa ya moto.

Kesho naenda. Mafunzo wayafanye na kahawa yao.


Jumamosi, 14 Machi

Niandike ya jana.

Nilitoka mara tu baada ya daku. Kabla ya Kinole udongo ulikuwa umeshuka barabarani, pikipiki zimekwama pande zote mbili, watu wanachimba njia kwa majembe. Nikashuka, nikavuka lile tope, nikatembea. Huku chini jua lilikuwa limechomoza, nikasema alhamdulillahi, leo hakunyeshi. Mjinga mimi. Mvua ilikuwa imenyesha juu usiku kucha. Chini jua, juu mafuriko, na mto hautoi taarifa kwa mtu aliyeko juani.

Nilisikia kilio kabla sijaona nyumba.

Walivuka asubuhi mapema, wanawake kadhaa, kung'oa tangawizi ili warudi kabla ya sala ya Ijumaa. Wakati wa kurudi mama alikuwa mbele. Alishafika ukingoni, kashatua mzigo. Mama mdogo Mwanahawa alikuwa katikati ya maji, kikapu kichwani, anaongea kama kawaida yake. Jiweni hakuna mtu. King'ora kimya. Maji yakaja.

Mama anasema hayakuja kama maji, yalikuja na magogo. Gogo lilimpiga mguu, akaanguka, akaenda. Walimkuta chini amekumbatia shina la mgomba lililonasa kwenye mawe. Wenzake walishikana mikono wakamtoa. Yuko hai. Nimeandika yuko hai. Naandika tena ili niamini, yuko hai. Mguu umevunjika mahali pawili, mfupa ulikuwa unaonekana. Wanaume wamembeba kwenye kitanda cha kamba mpaka upande wa pili wa lile tope, ndipo gari likapatikana. Nilitembea kando ya kitanda. Njia nzima hakuongea. Mwanahawa, hakuongea.

Kabla hatujaondoka nilikimbilia kwenye sanduku. Nilijua tayari, lakini nilitaka kuona. Diski imejaa. Picha, picha, picha. Ya mwisho inaonyesha mto ukiwa mdogo na mzuri. Baada ya hapo hakuna kitu. Programu ya king'ora imekufa na kuwashwa na kufa, kutwa kucha, na ile taa ya kijani inapepesa.

Mwanamke mmoja, jirani yetu, alikuwa amesimama nyuma yangu, nguo zinachuruzika maji. Akaniuliza kwa utaratibu kabisa: "Mbona hakikulia?"

Nikachomoa laptopu, nikarudi kwa mama mdogo.


Jumanne, 17 Machi

Hospitali, mjini. Wamempasua mama mdogo, wamemwekea vyuma. Nalala kwenye benchi, mama analala chini ya kitanda, kakataa kwenda kwangu.

Mgaya amenipigia. Ametoa pole. Kisha akaniuliza kama nimepiga picha za sanduku kwa ajili ya taarifa. Nikakata simu.

Festo amekuja. Kaleta machungwa, kasimama mlangoni kama kafukuzwa. Nikatoka naye nje ili mama asisikie. Akasema alifuata maelekezo. Nikamwambia uliona tano pale, ulijua ni yangu, ulijua kwa nini iko pale, ulikuwepo siku ya ndoo. Akasema ndiyo. Nikamwambia ungeweza kunipigia mimi kabla ya kumpigia yeye. Akasema ndiyo. Alikuwa analia. Sikumhurumia. Siku nyingine labda, leo hapana. Nimemwambia machungwa ampelekee mama mdogo kwa mkono wake, amwangalie usoni na amwamkie. Akaenda. Mama mdogo alimwitikia marahaba, akamwambia akae. Nilitamani amfukuze.

Najua mtu mwenyewe wa kukasirikiwa si Festo. Lakini Festo yuko karibu.


Alhamisi, 19 Machi

Nimerudi ofisini kwa nusu siku, nimeukuta muujiza. Mgaya kaitisha kikao. Kaamuru masanduku yote yawekewe asilimia tano, mara moja, na kamera itenganishwe na mfumo. Kaeleza kwa nini, kwa maneno yangu, mpaka lile la kitanda kimoja kalitumia. Wakubwa wa wafadhili walikuwa kwenye simu, wakamsifu kwa kuchukua hatua haraka. Kwenye taarifa ajali imeitwa hitilafu ya mazingira.

Mazingira. Yaani mto ndio mwenye makosa. Na tope. Na mvua, haikuomba ruhusa kwa Mgaya.

Nilisimama. Nikasema, mbele ya wote na wale wa kwenye simu: "Aliyevunjika mguu anaitwa Mwanahawa. Tano ilikuwepo kwenye sanduku lake, na ilifutwa kwa amri kutoka chumba hiki." Nikakaa. Halafu Festo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni kweli, yeye ndiye aliyeifuta na aliyemwamuru ni Bwana Mgaya.

Mgaya akasema tutalizungumza ndani. Simu ikakatwa, sijui kwa bahati au kwa kidole.

Ndani ameniambia nimeiaibisha kampuni. Nikamwambia sijamaliza. Sijafukuzwa. Wananihitaji kujenga imeji ya kutenganisha kamera, Festo peke yake haiwezi. Nimeijenga. Nimeipima kwa ndoo, diski imejaa, king'ora kimelia mpaka watu wa ofisi ya jirani wamekuja kuangalia. Nimelia mimi pia, chooni, kwa hasira. Saumu sijui kama imebaki.


Jumapili, 29 Machi

Idi imepita, sikushona nguo, sikupika.

Daktari amesema mguu utapona kiasi cha kutembea. Kwa fimbo. Kwenye tambarare. Milima asahau, na mzigo kichwani asahau kabisa. Alisema vizuri, kijana mstaarabu, lakini nadhani hajui alichosema. Kwetu hakuna tambarare. Kutoka mlangoni kwenda chooni ni kupanda. Mama mdogo akamwuliza tu kama fimbo wanatoa wao.

Jioni alinishika mkono, akasema shamba la ng'ambo. Nikadhani anataka nimtafutie kibarua wa kung'oa tangawizi iliyobaki. Nikasema usijali, nitatafuta mtu. Akatikisa kichwa. Mwanawe wa pekee yuko Turiani na miwa yake, ana mke na watoto huko, hana habari na tangawizi. Na ardhi yetu inafuata upande wa mama. Lile shamba alipewa na bibi, bibi alipewa na mama yake. Mama yangu ana lake tayari. Binti aliyebaki ni mimi.

"Chukua wewe," akasema. "Sasa utavuka wewe."

Hakuna kisasi ndani yake, hiyo ndiyo imenimaliza. Alikuwa ananipa kitu kizuri alichokuwa nacho. Mama alikuwa pale, akasema amekubali, kwa niaba yangu, kama kwamba nimeulizwa kama nataka chai.

Nimemkasirikia Mgaya, Festo, wafadhili, mvua, hata mama. Leo nimetafuta wa kumkasirikia sijampata. Nimeitikia.


Jumamosi, 11 Aprili

Nilipanda jana. Leo asubuhi mama amenipa jembe na kikapu, hakusema kitu. Mama mdogo alikuwa amekaa kizingitini, mguu kaunyoosha juu ya kigoda, akaniambia miche ya mdalasini iko upande wa juu, nisiikanyage.

Nilianza kwenye sanduku. Imeji mpya imo. Tano imo. Kamera imejaza sehemu yake na imekoma hapo. Nikamwaga maji kwenye kipimo, king'ora kikalia, nikakizima. Nikafunga kifuniko, nikashuka kivukoni.

Mto ulikuwa wa kawaida. Magotini. Unaona mawe chini. King'ora kimya.

Nikavua ndala, nikazishika mkononi, nikasimama ukingoni. Mama alishafika katikati, sketi kaikusanya, akageuka.

"Unasubiri nini?"

Nilikuwa nasubiri mtu aniambie ni salama, na huku kwetu mtu wa kuulizwa hilo ni mimi.

Mama hakuharakisha. Alisimama pale pale kwenye maji, akanisubiri. Nikaona yuko katikati, pale pale alipokuwa mdogo wake, na kila ninavyochelewa yeye ndiye anayekaa mtoni. Nikaingia. Maji ya baridi sana. Nikamfikia, akanishika mkono, tukatoka upande wa pili.

Tangawizi nyingi imeoza, iliyobaki ni nzuri. Tumeng'oa mpaka adhuhuri.